Kahawa Ilianguka Kabla ya Ukuta

Maneno haya niliyasema Moshi, mbele ya wakulima wa kahawa na wanafunzi wa ushirika. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeondoa vicheko na kuongeza tarehe mbili tatu zilizoniponyoka jukwaani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa vihambani, shikamooni. Akina mama, vijana, habari za asubuhi.

Nimetakiwa nizungumzie kumalizika kwa Vita Baridi, ule uhasama wa madola makubwa mawili, Marekani na Urusi, na kuja kwa utandawazi. Kijana aliyenipigia simu alinipa masharti mawili: nisizidishe dakika arobaini, na nisiwachoshe watu kwa majina ya wakubwa wa Urusi. La kwanza siahidi. La pili nitajitahidi, maana nitazungumzia kahawa.

Najua wengine mnangoja niseme wapiganapo tembo nyasi huumia. Kwenye mikutano ya namna hii methali hiyo hukaribishwa kabla hata ya mgeni rasmi. Leo naiomba ikae nje kidogo, kwa sababu kwa habari ya kahawa haisemi kweli. Angola nyasi ziliumia, Msumbiji ziliungua, Kongo mpaka leo hazijaota sawasawa. Lakini huku mlimani kwetu, na Bukoba, na Nyeri, na Butare, na mbali kule Kolombia, tembo walipokuwa wakikodoleana macho nyasi zilikuwa zikimwagiliwa maji. Ukame uliingia walipopatana. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na asiyekubali ataniuliza baadaye.

Baba yangu alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la shule, jalada lake lilichakaa akalishonea kitambaa cha kaki. Kila msimu aliandika kilo alizopeleka, malipo ya kwanza, malipo ya pili, na malipo ya mwisho kama yalikuja. Pembeni aliandika pesa ilikokwenda: ada, ng'ombe, posa ya baba mdogo, mrututu, ile dawa ya kunyunyizia mibuni. Kwenye msimu mmoja wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ameandika neno moja kwa herufi kubwa: BATI. Siku ile nyumba yetu iliacha kuvuja, nami nilikuwa kidato cha tatu na nikadhani ni kwa sababu baba ni hodari.

Hodari alikuwa, lakini bati lile tulipewa na baridi ya Brazil. Julai 1975 baridi ya kugandisha ilishuka kwenye mashamba ya Paraná ikaunguza mibuni kwa mamia ya mamilioni. Kahawa ikaadimika, na kufikia mwaka 1977 bei ya dunia ilipita dola tatu kwa ratili moja. Serikali ikachukua chake, bodi ya kahawa ikachukua chake, lakini hata mabaki yalitosha kuezeka nyumba kwetu Kibosho.

Ukigeuza kurasa mpaka msimu wa 1989/90 unaona jambo la ajabu. Kilo ni zile zile. Shilingi zenyewe hazikupungua sana, maana miaka ile shilingi ilikuwa ikishushwa thamani kila kukicha na tarakimu zilizidi kunenepa. Kilichopungua ni ile pembeni. Bati hakuna, ng'ombe hakuna, ada ya mdogo wangu imeandikwa "nusu". Malipo ya pili hayakuja. Na mbele ya pengo hilo baba ameandika neno moja na alama ya kuuliza: "Katibu?"

Katibu ni katibu wa chama cha msingi cha kwetu, chama ambacho sitakitaja. Nitarudi kwake.

Turudi nyuma kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kahawa ilikuwa imejaa duniani, bei inateremka, maghala ya Brazil hayana pa kuweka mguu. Januari 1959 Fidel Castro na wenzake wakaingia Havana. Washington wakatazama ramani ya kusini mwao: Brazil, Kolombia, Guatemala, El Salvador, nchi baada ya nchi ambayo mkulima wake mdogo na hazina ya serikali yake vyote vinaishi kwa kahawa. Hesabu waliyopiga haikuhitaji profesa. Mkulima ambaye kahawa yake haiuziki ana muda wa kumsikiliza mtu mwenye ndevu anayetoka msituni. Mwaka 1961 John Kennedy akatangaza mpango wake mkubwa wa misaada kwa Amerika ya Kusini, na mwaka 1962, kwenye Umoja wa Mataifa jijini New York, ukatengenezwa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa. Nchi za Afrika zilizokuwa ndiyo kwanza zinapandisha bendera zao nazo zikaingia.

Mkataba ulifanya kazi hivi, na wanafunzi naomba mwandike maana hamtauona tena. Kila nchi inayolima ilipewa mgawo: mwaka huu utapeleka magunia kadhaa, usizidishe. Bei ikishuka chini ya kiwango walichokubaliana, migawo inapunguzwa, kahawa inaadimika sokoni, bei inainuka. Ikipanda mno, migawo inalegezwa. Katika miaka ya 1980 kiwango hicho kilikuwa kati ya dola 1.20 na 1.40 kwa ratili. Jambo lililoutia mkataba meno ni kwamba wanunuzi nao walikuwamo. Gunia lisilo na cheti na stempu zake lilikataliwa forodhani, kwenye bandari za Marekani yenyewe.

Hebu fikirieni jambo hilo. Marekani, mhubiri wa soko huria mchana na usiku, anaweka askari wa forodha kulinda bei ya mkulima wa Kolombia, na mama wa Chicago analipa senti kadhaa zaidi kwa kila kikombe. Haikuwa huruma. Ilikuwa bima dhidi ya mapinduzi, na ada ya bima ile ililipwa kikombe kwa kikombe. Sisi wa Kilimanjaro hatukuwa tishio kwa mtu, lakini bima ikikatwa kwa kijiji kizima hata asiye na mgonjwa anapata kadi.

Mambo kama hayo yalikuwa mengi enzi zile, si kwenye kahawa tu. Mzambia alipotaka njia ya kutolea shaba yake bila kupita kwa makaburu, nchi za Magharibi na Benki ya Dunia walisema reli haitalipa. Mchina akasema nitaijenga, na kati ya mwaka 1970 na 1975 akailaza TAZARA, kilomita 1,860, kwa mkopo usio na riba. Wamarekani walioona hivyo nao wakatoa fedha za barabara ya Tanzania na Zambia. Abiria anayekwenda Mbeya leo anapishana na ushindani ule dirishani. Palikuwa na wanunuzi wawili sokoni, na mwenye kuuza akiwa na wanunuzi wawili hata sauti yake hubadilika. Si kwamba kila mara ilikuwa bure. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwetu kwa sababu tuliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ofisi ya konseli Dar es Salaam, na Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine iliyobaki. Lakini hata kusema hivyo ni anasa ya mtu mwenye mlango wa pili.

Sasa nawaomba mnifuate Ujerumani Mashariki, kwa sababu huko ndiko kisa chetu kinakojificha.

Wajerumani, wa upande wowote wa Ukuta wa Berlin, hawaishi bila kahawa. Bei ilipopanda baada ya ile baridi ya Brazil, serikali ya Berlin Mashariki ilijikuta taabuni. Kahawa ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na bili ya mwaka iliruka kutoka kama marki milioni 150 hadi karibu milioni 700. Mwaka 1977 wakaondoa kahawa ya bei rahisi madukani wakaleta mchanganyiko: asilimia 51 kahawa, iliyobaki nafaka, chikori, njegere na vinginevyo. Njegere zikaziba mashine za kahawa hotelini. Watu waliokuwa wamekubali kutosafiri na kutochagua viongozi waliandika barua za malalamiko kwa maelfu. Serikali iliyoweza kujenga ukuta katikati ya jiji haikuweza kuwanyima watu wake kikombe cha saa tisa alasiri.

Wakatafuta kahawa isiyotaka dola. Ethiopia ya Mengistu ilihitaji silaha na malori kwa vita vyake. Ikapelekewa, ikalipa kwa kahawa. Lakini Waethiopia nao walichoka upesi kutoa dhahabu yao kwa kubadilishana na bidhaa. Ndipo mwaka 1980 Ujerumani Mashariki ikafunga makubaliano na Vietnam, nchi iliyotoka vitani na Marekani miaka mitano tu nyuma. Wajerumani wataleta mitambo, mabomba ya kumwagilia na wataalamu, Wavietnam watapanda robusta, ile aina ya kahawa kali, kwenye nyanda za juu za Đắk Lắk, na nusu ya mavuno itakwenda Ujerumani kwa miaka ishirini.

Mibuni haikui kwa amri ya chama. Kufyeka, kuotesha, kupanda, kungoja izae sawasawa, hesabu ilionyesha mavuno makubwa yangefika karibu na mwaka 1990.

Naona wazee wawili pale mbele wameshacheka. Ndiyo. Oktoba 3, 1990 Ujerumani Mashariki ilifutika kwenye ramani. Mteja alikufa wiki ya mavuno.

Lakini nimetangulia. Turudi mwaka 1989, na London, yalipo makao ya Shirika la Kimataifa la Kahawa. Februari mwaka ule askari wa mwisho wa Kisovieti alivuka daraja kutoka Afghanistan. Juni, Wapolandi walipiga kura na chama tawala kikagaragazwa. Mle London wajumbe walikuwa wakibishana kuhusu migawo. Wakaangaji wa Marekani walitaka arabika, ile aina ya kahawa laini, zaidi kutoka Amerika ya Kati, Brazil haikutaka kuachia hata kipande cha mgawo wake. Na kulikuwa na donda la siku nyingi: nchi ambazo hazikuwamo kwenye mkataba, za kambi ya Mashariki zikiwamo, ziliuziwa kahawa ya ziada kwa bei ya kutupa, wakati mwingine nusu. Gunia lilipelekwa Ulaya ya Mashariki kwa makaratasi, kisha likapindua njia na kurudi Magharibi kwa mlango wa nyuma. Wafanyabiashara waliiita kahawa ya watalii, kwa kuwa ilisafiri sana.

Wamarekani walikasirika: sisi tunalipa bei kamili ili kuwazuia Wakomunisti, na Wakomunisti wanakunywa kwa nusu bei! Hasira hiyo ilikuwapo miaka yote. Ila adui akiwa adui kweli unaimeza. Mwaka 1989 hapakuwa na sababu ya kuendelea kuimeza. Migawo ikasimamishwa kuanzia Julai 4, 1989, sikukuu ya uhuru ya Marekani, na haijarudishwa hadi leo. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imekatika karibu nusu. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, miezi minne baadaye. Kahawa ilianguka kwanza.

Mjerumani ukimuuliza Vita Baridi iliisha lini atakwambia Novemba 9. Mrusi atataja Desemba 25, 1991, usiku Gorbachev alipoaga kwenye televisheni na bendera nyekundu ikashushwa Kremlin. (Nimetaja mkubwa mmoja wa Urusi, naomba radhi.) Kwetu iliisha Julai 4, ila hakuna aliyekuja kutuambia. Redio Tanzania jioni ile sidhani kama kuna mtu hapa anakumbuka ilisema nini. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia, nilikuwa nikifundisha Vita Baridi ubaoni kwa chaki, kambi hii na kambi ile, na sikujua kwamba imeisha kwenye sinia ya kahawa ya baba yangu.

Mwaka 1992 wastani wa bei ya dunia ulikuwa kama senti 53 kwa ratili. Mwaka uliofuata Marekani ikajitoa kabisa kwenye shirika. Rwanda, iliyokuwa ikitegemea kahawa kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, iliingia vitani Oktoba 1990 mfuko ukiwa umetoboka, na mwezi uliofuata ikashusha thamani ya faranga yake. Sitasimama hapa kusema kahawa iliua watu mwaka 1994. Walioua ni watu, na walipanga. Lakini asiyetaja kahawa kabisa anapozungumzia njaa na hofu ya vilima vile miaka ile, anaruka ukurasa.

Kwetu mlango uliofuata kufunguliwa ulikuwa wa soko. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Mnakumbuka pikapu zile, mzani umening'inia nyuma, kijana wa mjini ameketi na mfuko wa noti? Pesa mkononi, hapo hapo! Baada ya miaka ya kungoja malipo ya pili kama mvua ya vuli, nani angekataa? Baba naye aliuza huko, na sikumlaumu. Ila kijana wa pikapu hakuuliza kahawa ilikaushwa kwenye kichanja au kwenye vumbi. Nzuri na mbovu zikaingia gunia moja kwa bei moja, na mkulima akajifunza upesi kwamba uangalifu haulipwi. Chama kilichokuwa kikikopesha mrututu na dawa kikadhoofika, anayekopeshwa hapa akauza kule, na chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, ikarudi. Watu wakaanza kung'oa mibuni. Wengine walipanda nyanya, wengine mahindi, wengine waliacha migomba peke yake na kwenda Arusha kutafuta kibarua kwenye machimbo ya tanzanite Mererani.

Sitetei vyama kana kwamba vilikuwa makanisa. Vingine vililiwa mpaka mlango. Serikali yenyewe ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, KNCU ya mwaka 1933, chama kikuu cha huku Kilimanjaro, ikiwamo, ikaja kuvirudisha miaka ya 1980 vikiwa mifupa. Tulipokutana na soko la dunia tulikuwa tumeshajeruhiana wenyewe. Wenzetu wa Kagera nao walikuwa na kidonda chao, butura, mkulima kuuza kahawa ingali maua mtini kwa mtu mwenye shilingi, na kahawa ya maganda ikivuka usiku kwenda Uganda.

Na sasa Vietnam. Ile mibuni ya Đắk Lắk, mteja wake amekufa, haikung'olewa. Vietnam ilikuwa imeanza kufungua uchumi wake tangu mwaka 1986, na mwaka 1994 Marekani ikaondoa vikwazo vya biashara dhidi yake, mwaka uliofuata wakarudisha uhusiano wa kidiplomasia. Mwaka 1990 Vietnam ilivuna zaidi kidogo ya magunia milioni moja ya kilo 60. Miaka kumi baadaye ilivuna kama milioni 15 na kuipita Kolombia. Wakaangaji wakubwa walikuwa wamejifunza kuifukiza robusta kwa mvuke ili kupunguza ukali wake, wakaichanganya kwa wingi zaidi. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulishuka chini ya senti 46. Ukiondoa mfumuko wa bei, hapakuwa na mtu hai aliyewahi kuiona kahawa rahisi namna ile.

Kwa hiyo mkulima wa Muleba aliyepeleka robusta yake mwaka 2001 akapewa pesa isiyotosha hata gharama ya kuichuma alishindwa na mti uliopandwa ili mfanyakazi wa Leipzig, Ujerumani Mashariki, asilalamike. Kiwanda cha Leipzig kilikuwa kimefungwa, serikali iliyoogopa malalamiko haikuwapo, na mti ulikuwa ukizaa. Nikiulizwa utandawazi ni nini natoa mfano huo, sina tafsiri fupi zaidi. Wala simlaumu Mvietnam. Mwaka ule naye alikuwa akikata mibuni yake kuni.

Nitawapa tarakimu za mkupuo mmoja kisha niache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kahawa iliyouzwa madukani kote duniani ilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 30, na nchi zinazolima zilipata bilioni 10 hadi 12. Miaka kumi baadaye mauzo yalikuwa yamepita bilioni 70, na nchi zinazolima zilipata kama bilioni 5.5. Hizo ni hesabu za Shirika la Kahawa lenyewe. Kahawa haikupoteza thamani hata kidogo. Thamani ilihama nyumba.

Kijana mmoja aliniuliza nilipokuwa nikiandaa maneno haya: mzee, unatamani Vita Baridi irudi? Sitamani. Nimeona picha za watoto wa Kuito, Angola, wenye mguu mmoja. Najua Lumumba alivyokufa. Na ule mkataba niliousifu ulikuwa na mikono michafu. Bei nzuri ya miaka ya 1970 ndiyo iliyomnunulia Idi Amin wiski na risasi, na Marekani ilikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa wa kahawa mpaka bunge lao lilipopiga marufuku mwezi Oktoba 1978, mwezi ule ule aliovamia Kagera. Kule Chepkube, mpakani mwa Kenya na Uganda, kahawa ya magendo ilifanya matajiri kwa usiku mmoja na wengine wakapigwa risasi kwa usiku huo huo. Migawo ilizilinda serikali kuliko ilivyomlinda mkulima. Mkulima alipata kilichodondoka.

Ila kilichodondoka kiliezeka nyumba. Siwezi kulisahau hilo kwa sababu tu historia inanitaka niwe na msimamo safi.

Kijana huyo huyo aliniambia: basi wakubwa wameanza kugombana tena, Marekani na China, si bei itarudi? Februari 2025 arabika ilipita dola nne kwa ratili jijini New York, na kweli baadhi yenu mmepaka rangi nyumba. Lakini hiyo ilikuwa hali ya hewa ya Brazil tena, safari hii ukame, na pamoja na Vietnam. Mwaka huo huo Marekani iliitwisha Brazil ushuru wa asilimia 50, kahawa ikiwamo, halafu Novemba ikaiondoa kahawa kwa kuwa wanywaji wake walilalama. Mnaona tofauti? Mwaka 1962 walimwogopa mlimaji. Sasa wanamwogopa mnywaji. Wanachogombea kwetu safari hii ni shaba na kobalti: Wachina wamerudi kwenye reli ya TAZARA, Wamarekani na Wazungu wanaisukuma ile ya Lobito kule Angola, mashariki na magharibi mwa mgodi mmoja. Mwenye madini ana wanunuzi wawili. Mwenye kahawa ana barua kutoka Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2023 ambayo wameisogeza mbele zaidi ya mara moja, inayotaka kila shamba lijulikane kwa alama zake za setilaiti ili ithibitike halikukatwa msitu. Kihamba cha babu yangu kina umri mkubwa kuliko huo Umoja, lakini tutakipima. Wanafunzi, hiyo ni kazi yenu, sisi macho yameshatuchoka.

Nilisema nitarudi kwa katibu.

Baba hakumsamehe. Wala si yeye peke yake. Nusu ya wanachama waliamini malipo ya pili ya msimu ule yalijenga nyumba ya katibu, ingawa nyumba ya katibu ilikuwa ya udongo na ilibaki ya udongo. Hatukwenda harusi ya binti yake. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipopikwa kwetu yeye hakuitwa. Baba alifariki mwaka 1998, na katibu alikuja kusimama mbali, kwenye migomba, hakusogea kaburini. Mimi nilikuja kusoma habari za Julai 4 miaka kadhaa baadaye, maktaba, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilikaa na kile kitabu mpaka walipozima taa.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi uani, anachambua maharage kwenye ungo, macho yameingia ukungu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Akanyamaza. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi leo: Kennedy, migawo, London, kahawa ya watalii, Wajerumani na njegere zao. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza:

"Hiyo barua ya London, ililetwa kwa lugha gani?"

Nikamwambia hapakuwa na barua, mzee wangu. Haikuandikwa kwetu.

Akapeta ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Basi mimi ningewaambia nini?"